Haut-Lomami: Farde ya mtandaoni, shahidi wa mwanafunzi aliye mbali na chuo

Mwalimu wa shule ya msingi wa Mulongo anayetaka kuendelea na masomo ya juu bila kuacha darasa lake anaanza na hesabu ya njia. Mulongo iko kando ya mto Lualaba, katika teritware ya Malemba-Nkulu. Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, iko umbali wa zaidi ya kilomita 200 hata ukipima kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, na njia yenyewe haijanyooka. Anayepitia mtoni anapanda Lualaba kwa boti hadi Bukama, kisha anangoja treni. Anayepitia nchi kavu anapanda pikipiki na kuomba Mungu mvua isinyeshe. Lubumbashi iko mbali zaidi.

Akihamia mjini kusoma, watoto wa darasa lake wanabaki bila mwalimu, na nyumba yake inabaki bila mtu wa kuhangaikia shamba, nyavu na madeni. Akibaki, anabaki na diplome yake ya sekondari na kiu ya kusonga mbele. Kwa mtu wa namna hiyo, masomo ya mbali yanaonekana kuwa mlango pekee ulio wazi: anasoma akiwa nyumbani, anatuma kazi zake, na anasafiri mara chache tu kwa ajili ya mitihani.

Lakini wengi wanaoingia katika mlango huo hawafiki mwisho. Wanapokea vitabu na notsi kwenye simu, wanasoma usiku kwa mwanga wa taa ndogo ya jua, wanatuma kazi ya kwanza, kisha kimya. Hakuna anayewaambia walipokosea. Hakuna anayejua kwamba mwezi uliopita hawakuelewa kitu na mwezi huu wameelewa. Mwisho wa mwaka mtihani mmoja wa saa chache unaamua kila kitu. Mwanafunzi wa mbali haachi masomo siku moja. Anaacha polepole, kwa sababu hakuna jicho linalomwona.

Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo vyuo kadhaa duniani vinalitumia kwa wanafunzi wasioonana na walimu wao: farde ya mtandaoni, ambayo wataalamu wanaiita potifolio.

Farde ile ile, mahali pengine

Kila Mkongomani aliyepita shule anajua farde ni nini. Ni ile jalada ya karatasi ngumu ambamo mtu anaweka notsi, interro zilizosahihishwa, barua na nakala za diplome. Farde ya mtandaoni ni wazo lile lile, ila inakaa kwenye kompyuta ya chuo au ya kampuni, na mwenyewe anaifungua kwa simu kwa jina lake na neno la siri. Mwalimu wake anaweza kuifungua pia akiwa Kamina, Lubumbashi au ng'ambo, kama mwenyewe amempa ruhusa.

Tofauti kubwa haiko kwenye mashine. Iko katika kile kinachowekwa ndani. Katika farde ya kawaida mtu anatunza kazi iliyokwisha. Katika potifolio anatunza kazi pamoja na safari yake: jaribio la kwanza lililokosewa, maneno ya mwalimu, jaribio la pili, na maelezo mafupi ya mwanafunzi mwenyewe kuhusu kilichobadilika. Maswali ni matatu tu. Nilifanya nini? Ilikwama wapi? Mara nyingine nitafanya vipi?

Chukua mfano wa mwalimu anayesomea ualimu kwa mbali huku akifundisha darasa la tatu. Ameombwa kutayarisha somo la vipimo. Anaandika fishi yake ya somo kwa mkono kwenye kaye na kuipiga picha. Anafundisha. Watoto wanaimba vizuri kwamba kilo moja ni gramu elfu moja, lakini akiwauliza samaki huyu anaweza kuwa na uzito gani, wanatupa namba hovyo. Jioni anarekodi sauti ya dakika mbili, kwa Kiswahili, akieleza alichokiona: watoto wanajua maneno, hawajui uzito. Wiki inayofuata anaazima mizani sokoni, kwa wauza samaki wa kukausha, na kulianza somo upya kwa mikono ya watoto wenyewe. Anapiga picha ya ubao na ya mizani, na kuandika mistari mitano.

Mtihani wa karatasi ungeona nini kati ya hayo? Labda ungemuuliza ataje sifa za somo zuri la hesabu, naye angezitaja. Farde yake inaonyesha jambo lingine: kwamba ameona kosa darasani mwake, amelifikiria, na amelirekebisha. Hiyo ndiyo kazi ya mwalimu. Na profesa aliye umbali wa mamia ya kilomita ameiona kwa macho yake.

Jambo hili linagusa pia mageuzi ya vyuo vya nchi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, Kongo imeingiza vyuo vyake vikuu katika mfumo wa LMD, ambamo licence ni miaka mitatu na kredi 180. Katika hesabu ya kredi hizo, kazi ambayo mwanafunzi anaifanya peke yake nje ya darasa ina nafasi yake. Lakini kazi ya peke yake inahitaji kuonekana mahali fulani. La sivyo inabaki maneno kwenye programu ya chuo.

Kiziba: Wakongomani waliosoma kwa kazi badala ya mtihani

Mfano ulio karibu zaidi na watu wa mashariki mwa Kongo hauko kwenye chuo kikubwa cha mjini. Uko kambini.

Kambi ya Kiziba iko katika wilaya ya Karongi, magharibi mwa Rwanda, juu ya milima inayotazama ziwa Kivu. Ilifunguliwa mwaka 1996, na wakaaji wake karibu wote ni wakimbizi kutoka Kongo. Mwaka 2015, shirika la elimu la Kepler, lililokuwa limeanza kazi Kigali mwaka 2013, lilifungua huko nafasi ya masomo ya chuo kikuu. Diplome zilitolewa na Southern New Hampshire University, chuo cha Marekani. Kijana aliyezaliwa au kukulia kambini aliweza kusomea digrii ya Marekani bila kutoka kwenye kilima chake.

Namna ya kuwapima ndiyo inayostahili kuangaliwa. Masomo hayo hayakujengwa juu ya mitihani mikubwa ya mwisho wa mwaka. Yalijengwa juu ya kazi za vitendo. Mwanafunzi alipewa jambo la kutengeneza, kwa mfano barua ya kikazi, hesabu za bajeti au uchambuzi wa tatizo, pamoja na orodha ya mambo yatakayoangaliwa. Aliifanya, akaituma kwa mtandao, na msahihishaji aliyekuwa mbali akairudisha na maelezo. Hukumu zilikuwa mbili tu: amemudu, au bado.

Katika Kiswahili neno «bado» lina uzito wake. Halifungi mlango kama «hapana». Linasema kazi ipo njiani. Mwanafunzi aliyepata «bado» alisoma maelezo, akarekebisha, akatuma tena. Hakupoteza mwaka mzima kwa sababu ya siku moja ya malaria au siku moja ya hofu. Na mwishoni alikuwa na kazi ambazo angeweza kumwonyesha mwajiri.

Lakini hadithi ya Kiziba ina upande wa pili ambao mara nyingi unasahauliwa. Wanafunzi wale hawakuachwa peke yao na kompyuta. Palikuwa na jengo, mashine, intaneti, na wasaidizi waliokaa nao ana kwa ana, wakiwafundisha kupanga muda, kuandika na kuelewa maelezo ya msahihishaji. Mtandao ulileta chuo kutoka mbali. Watu wa karibu ndio waliowafanya wanafunzi wadumu.

Tanzania na Katanga zilishaonyesha njia

Ng'ambo ya ziwa Tanganyika, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimekuwa kikifundisha watu wa mbali kwa miongo mitatu. Kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza masomo mwaka 1994, na kina vituo mikoani, pamoja na Kigoma. Chuo hicho kiliwahi kuweka utaratibu wa jalada la maendeleo la mwanafunzi. Kabla ya kikao cha ana kwa ana kituoni, mwanafunzi alipaswa kuandika alichosoma, alichoelewa na kilichomshinda, kisha akaja nacho mbele ya mwalimu. Siku chache za kukutana zilitumika kuzungumza juu ya matatizo yake halisi, badala ya kuimbiwa somo lote upya.

Katanga ya zamani, kabla haijagawanywa mwaka 2015 na Haut-Lomami kuwa jimbo peke yake, ilipata pia somo lake. Mpango wa IFADEM, ulioanzishwa na shirika la nchi zinazozungumza Kifaransa pamoja na umoja wa vyuo vyake, AUF, uliwafikia walimu wa shule za msingi wa Katanga baada ya kujaribiwa katika nchi kama Burundi. Walimu walibaki kazini. Walisoma kwa vijitabu vya karatasi, wakafuatwa na watutori, na kukutana kwa vipindi. Teknolojia ilisaidia, lakini haikupewa mzigo wote.

Mifano hii inakubaliana katika jambo moja. Mwanafunzi wa mbali anahitaji vitu viwili pamoja: mahali pa kuweka ushahidi wa kazi yake, na mtu anayeusoma.

Ugonjwa wa Korona ulionyesha hasara ya kukosa kitu hicho cha pili. Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kote nchini, masomo yalipita kwenye redio, televisheni na makundi ya WhatsApp. Yalikuwa msaada. Lakini yalitiririka upande mmoja, kama maji ya Lualaba yanayotoka Bukama kwenda Kabalo. Mwalimu alisema, mwanafunzi akasikiliza. Njia ya kurudi, ambayo mwanafunzi angeonyesha alichofanya na kusahihishwa, ilikuwa nyembamba au haikuwepo.

Bila rezo, bila umeme?

Mtu wa Mulongo atauliza swali la haki: mambo ya mtandaoni yatafanyaje kazi mahali ambapo rezo inakuja na kupotea, na umeme ni ule wa paneli za jua na jenereta? Katika vijiji vya Kongo wenye umeme wa waya ni wachache sana. Simu zinachajiwa kwa malipo. Mega zinanunuliwa kidogo kidogo, na mtu anafikiri mara mbili kabla ya kufungua video.

Swali hilo ndilo linalotofautisha farde itakayosaidia na farde itakayokufa. Kama chuo kinataka mwanafunzi awe kwenye mtandao kila anapofanya kazi, basi mwanafunzi wa Mulongo ameshafukuzwa kabla hajaanza. Kazi inapaswa kufanyika nje ya mtandao, na kutumwa mara moja rezo inapopatikana.

Zana za namna hiyo zipo. Mahara ni programu ya potifolio iliyoanza New Zealand mwaka 2006, na jina lake linatokana na lugha ya Wamaori, lenye maana ya kufikiri. Haiuzwi: chuo chochote kinaweza kuichukua na kuiweka kwenye kompyuta zake bila kununua leseni. Ilitengenezewa programu ya simu ya kukusanya picha, sauti na maandishi mtu akiwa hana rezo, kisha kuzipakia baadaye. Moodle, ambayo vyuo vingi vya Afrika vinaitumia kuweka masomo mtandaoni, nayo ina programu ya simu inayoruhusu kupakua masomo na kuyasoma nje ya mtandao.

Hata bila zana hizo, hesabu ya mega inaweza kupunguzwa kwa akili ya kawaida. Video ya dakika chache inaweza kula makumi ya mega. Picha ya ukurasa wa kaye iliyopunguzwa ukubwa haifiki mega moja. Sauti ya WhatsApp ya dakika moja haifiki hata nusu mega. Kwa hiyo mwalimu anayeomba video ya somo zima anawaomba wanafunzi wake pesa wasizo nazo. Anayeomba picha tatu na sauti ya dakika mbili anapata karibu ushahidi ule ule kwa bei ndogo sana.

Kuna pia njia ya katikati. Wanafunzi kumi wa Mulongo na vijiji vya jirani wanaweza kuwa na kituo kimoja: chumba cha shule au cha parokia, chenye paneli ya jua, kompyuta moja na mtu mmoja anayejua kuitumia. Wanaandika kwenye karatasi wiki nzima. Jumamosi wanakutana, wanapiga picha kazi zao, wanasaidiana kuzipanga, na kuzituma kwa pamoja. Mwezi Mei 2025 mamlaka ya posta na simu ya nchi, ARPTC, ilitangaza kuiruhusu Starlink, intaneti ya satelaiti, kufanya kazi Kongo. Mashine yake ni ghali kwa mwalimu mmoja. Kwa kituo cha watu wengi wanaochanga, hesabu inabadilika.

Lugha nayo ni sehemu ya hesabu hiyo. Chuo kinafundisha kwa Kifaransa, na mwanafunzi lazima ajifunze kukiandika vizuri. Lakini mwalimu anayefikiri juu ya darasa lake mara nyingi anafikiri kwa Kiswahili au Kiluba, na darasa la kwanza na la pili linafundishwa kwa lugha za nchi. Farde inayokubali sauti ya Kiswahili kando ya kazi ya Kifaransa inamruhusu aseme anachokijua kwanza, kisha atafute namna ya kukiandika.

Nani atasoma?

Swali gumu zaidi si la rezo. Ni la muda wa mwalimu wa chuo.

Kazi mia moja za mtihani zinasahihishwa mara moja kwa mwaka. Farde mia moja zinahitaji kufunguliwa kila mwezi, na kila moja inahitaji maneno, si alama peke yake. Asistanti anayefundisha vyuo viwili au vitatu ili aishi atazifungua lini? Chuo kikiamuru potifolio bila kumpunguzia mzigo au kumlipa kwa kazi hiyo, yatatokea mawili. Ama atatoa alama kwa kuangalia unene wa farde, ama hatazifungua kabisa.

Na farde isiyofunguliwa ni mbaya kuliko kukosa farde. Mwanafunzi ametumia mega zake, muda wake na moyo wake kueleza alipokosea, kisha hakuna jibu. Kimya kile kile cha zamani kimerudi, safari hii kwa gharama.

Namna za kupunguza mzigo zipo. Mwalimu hahitaji kusoma kila kipande. Mwanafunzi mwenyewe anachagua kazi mbili kwa mwezi anazotaka zisomwe, na kueleza kwa nini amezichagua. Kuchagua huko tayari ni kujifunza. Wanafunzi wanaweza kusomeana kwanza, wawili wawili, kabla kazi haijamfikia asistanti. Wakaguzi na wakuu wa shule walio jirani na mwanafunzi, ambao wanaweza kuingia darasani mwake, wanaweza kuwa watutori, kama ilivyofanyika katika mipango ya masomo ya mbali ya walimu. Na jibu si lazima liwe refu. Sauti ya dakika moja yenye jambo moja zuri na jambo moja la kurekebisha inatosha kumfanya mtu wa Mulongo aamke kesho na kuendelea.

Farde isigeuke kuwa kamba

Kuna hatari nyingine ambayo majirani wa Kenya wanaijua. Mwaka 2016 tume inayoajiri walimu wa huko, TSC, ilianzisha TPAD, mfumo wa kuwapima walimu ambamo walitakiwa kujaza taarifa na ushahidi wa kazi zao mtandaoni. Lengo lilikuwa kuinua ualimu. Lakini chama cha walimu KNUT kiliupinga kwa nguvu. Walimu walilalamika kwamba muda wa kufundisha unaliwa na kujaza fomu, na kwamba wa vijijini wanahangaika na mtandao.

Somo lake ni hili: farde ya kujifunzia na farde ya kukaguliwa si kitu kimoja. Katika ya kwanza mtu anaonyesha kosa lake ili asaidiwe. Katika ya pili anaficha kosa lake ili asiadhibiwe. Mwalimu akihisi kwamba sauti aliyorekodi kueleza somo lililoharibika itafika kwenye meza ya anayeamua mshahara wake, hatarekodi tena. Atatuma masomo mazuri tu, yaliyopangwa kwa ajili ya picha.

Ndiyo maana mwenye farde lazima abaki mwanafunzi. Yeye ndiye anayeamua nani afungue ukurasa gani. Akimaliza masomo, au chuo kikibadilisha mfumo wake, lazima aweze kupakua farde yote na kuondoka nayo kwenye simu au flashi. Picha za watoto wa darasa ziombewe ruhusa kwa wazazi, na mara nyingi hazihitajiki: ubao na kaye vinatosha. Na kwa kuwa simu moja mara nyingi inatumiwa na nyumba nzima, neno la siri halipaswi kuhifadhiwa ndani yake.

Udanganyifu nao upo. Mtu anaweza kumlipa mwingine amfanyie kazi, na siku hizi anaweza kuiomba mashine imwandikie. Farde haizuii jambo hilo kabisa, lakini inalifanya kuwa gumu. Ni rahisi kununua TFC moja iliyokamilika. Ni vigumu kununua miezi kumi na minane ya makosa yaliyorekebishwa, yenye tarehe, picha za ubao ule ule na sauti ya mtu yule yule. Na mwalimu akipiga simu kuuliza kwa nini wiki ya pili ulibadilisha mfano, aliyefanya kazi atajibu bila kutafuta.

Karatasi zinazopotea

Kwa wakaaji wa bonde la Lualaba kuna sababu nyingine ya kuitaka farde isiyokaa nyumbani. Kati ya mwaka 2002 na 2006, vita vya Mai-Mai viliwakimbiza watu wengi wa Malemba-Nkulu na Mitwaba. Anayekimbia usiku anabeba mtoto, sufuria na nguo. Mara nyingi farde inabaki na kuungua na nyumba. Mto nao, ukifurika, hauulizi kama kwenye sanduku kuna diplome.

Aliyepoteza karatasi anaanza upya: safari za Kamina, barua za kuthibitisha, pesa za huku na kule, na miaka ya kungoja. Farde ya mtandaoni haichukui nafasi ya diplome yenye muhuri, na hakuna ofisi inayopaswa kumdanganya mtu kwamba picha ya simu ni hati. Lakini inaweza kubeba nakala, tarehe, majina ya masomo na ushahidi kwamba mtu huyu alipita hapa na alifanya kazi hii. Kwa anayeomba kurudishiwa haki yake, kuwa na kitu cha kuonyesha si jambo dogo.

Haja ya walimu wenye ujuzi imekuwa kubwa zaidi tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza Septemba 2019 na madarasa kujaa. Jimbo haliwezi kuwangoja wote waende mjini miaka mitatu kisha warudi. Wengine hawatarudi. Anayesoma akiwa darasani mwake anajifunza leo na kufundisha vizuri zaidi kesho, kwa watoto wale wale.

Chuo chochote cha jimbo kinachotaka kujaribu hakihitaji kuanza na wanafunzi elfu moja. Kinaweza kuanza na darasa moja, watutori wawili, kituo kimoja kando ya mto, na sheria moja isiyovunjwa: kila kazi iliyotumwa ipate jibu ndani ya wiki mbili. Mwisho wa mwaka kitahesabu waliobaki na walioacha, na kulinganisha na mwaka uliopita. Kama waliobaki wameongezeka, kitajua nini kiliwashika.

Kwa mwalimu wa Mulongo, kipimo ni rahisi zaidi. Jumamosi amepeleka somo lake la mizani na samaki. Wiki inayofuata simu inalia, na kuna sauti fupi kutoka mtu ambaye hajawahi kumwona, inayomwambia mahali gani pamekuwa pazuri na mahali gani bado. Jumatatu anarudi darasani na kujaribu tena.